Mpira wa gofu ya mtandaoni unachakaaje, na nani anaushusha?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni msomaji wako wa hapa Morogoro, nacheza gofu ya mtandaoni kwenye simu. Mwezi huu nimenunua boksi la mipira mitatu kwa shilingi 7,500, maana ule wa bure hauendi mbali. Kila mpira unaanza na uhai wa 100. Shimo la kwanza nilipiga draiva ya kwenda mbali, fimbo ya chuma na pati mbili za kusukumia shimoni, mpira ukabaki na 97. La pili draiva, chuma, weji (ile fimbo ya kuinulia mpira) kutoka kwenye mchanga na pati moja, ukabaki na 92. La tatu ni fupi, nikapiga chuma moja na pati mbili, ukabaki na 91. Rafiki yangu mmoja anasema kila mkwaju unakula pointi moja. Mwingine anabisha, anasema kinachouchakaza ni kupiga kwa nguvu. Nani mkweli? Na mbona fimbo zenyewe hazichakai? Halafu juzi mtandao ulikata nikiwa shimo la tano. Niliporudi raundi haipo, ila mpira umeshuka. Hawa jamaa si wanatuibia?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Umenirahisishia kazi kwa kuandika namba. Wengi huniambia tu "mpira unaisha upesi sana", nami nabaki sina pa kushika.

Kabla ya kushika kalamu nilishika simu kwa kazi hii hii: nimeandika programu za gemu kwa miaka mingi. Na kabla ya hapo, nikiwa kijana, nilikuwa kedi, nabeba mifuko ya wazee kiwanjani. Kwa hiyo mipira inayochakaa nimeiona ya aina zote mbili, ile ya kushika mkononi na ile ya kwenye kioo, na nakuambia hazina undugu.

Mpira wa kweli unapochakaa, kuna kitu kimemeguka. Ukipita kidole gumba juu yake unasikia. Ile ya bei, yenye ganda laini la urethani, hupata mikwaruzo kama nywele pale mifereji ya weji ilipoung'ata. Ndiyo maana inashika vizuri kwenye griini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, na ndiyo maana inazeeka upesi. Ile ya bei nafuu ina ganda gumu, unaweza kuigonga kwenye njia ya lami ikarudi na alama ndogo tu. Tulikuwa tukiipanga kwa kidole tu, gizani, jioni, kabla ya kwenda kuiuza.

Kwenye simu yako hakuna ganda la kumeguka. Kuna karani. Karani huyo amekaa kwenye seva, yaani kompyuta ya wenye gemu, ana daftari, na kwenye daftari kuna mstari wenye jina la akaunti yako, aina ya mpira na namba. Kila ukipiga, anatazama jedwali aliloachiwa na mwenye gemu, anatoa kiasi fulani, anaandika namba mpya. Yote unayoyaita uchakavu ni kazi ya huyo karani. Swali lako kwa hiyo halihusu nguvu ya mkono wala ugumu wa mchanga. Linahusu jedwali lake: anatoa kiasi gani, anatoa lini, na anakuonyesha nini.

Tuanze na ubishi wa marafiki zako, kwa kutumia namba zako mwenyewe. Yule wa kwanza anasema mkwaju mmoja pointi moja. Shimo la kwanza ulipiga mikwaju minne, ungebaki na 96. La pili minne tena, 92. La tatu mitatu, 89. Wewe ulibaki na 97, 92, 91. Angalia hapo katikati: 92 na 92. Mtu aliyechungulia simu yako baada ya shimo la pili tu angeapa kwamba hesabu ya moja kwa moja ndiyo yenyewe, na wala asingekuwa mwongo. Nadhani ndivyo alivyofanya rafiki yako. Lakini ya kwanza na ya tatu zinamkataa.

Sasa toa pati kwenye hesabu. Shimo la kwanza una mikwaju miwili iliyokula pointi tatu. La pili mitatu iliyokula tano. La tatu mmoja uliokula moja. Inaanza kukaa sawa. Pati hailiwi, au inaliwa kidogo mno. Draiva inakula zaidi ya chuma. Na kutoka mchangani kuna gharama yake. Jedwali la namna hii lingekupa namba zako zote tatu bila kukosea: draiva moja na nusu, chuma moja, weji ya mchangani mbili, pati sehemu moja ya kumi. Jaribu. Shimo la kwanza linakula 2.7, unabaki na 97.3. La pili linakula 4.6, unabaki na 92.7. La tatu linakula 1.2, unabaki na 91.5. Simu inafyeka desimali na kukuonyesha 97, 92, 91.

Sisemi kwamba hilo ndilo jedwali la gemu yako. Nasema ni moja kati ya mengi yanayoweza kutoa namba hizo, na mashimo matatu hayatoshi kuyachuja. Nitakuonyesha jinsi ya kuyachuja. Ila kwanza nimalizane na hiyo desimali, maana imegombanisha watu wengi.

Gemu nyingi zinatunza namba kwa undani kuliko zinavyokuonyesha. Ndiyo sababu utapiga pati nane mpira usitikisike, halafu ya tisa ukashuka pointi nzima, ukadhani pati ile ilikuwa na kosa. Haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa ndiyo tone lililojaza kikombe. Na wanaoandika programu nao hiyo desimali huwauma. Mimi iliniuma. Katika gemu yangu moja ya mwanzo, kifaa kilianza na uhai wa 1, kila tumizi likitoa 0.1, nami nikaandika amri: ikifika sifuri, kifaa kife. Kompyuta haiwezi kuandika 0.1 kamili, kama vile wewe usivyoweza kuandika theluthi moja kamili kwa desimali. Ukitoa 0.1 mara kumi kutoka kwenye 1, haibaki sifuri. Inabaki chembe yenye sifuri 15 baada ya nukta ndipo tarakimu ya kwanza itokee. Tumizi la kumi na moja likaivusha namba upande wa hasi. Sifuri yenyewe haikuguswa kamwe, na kifaa hakikufa kamwe. Wachezaji waliogundua walikaa kimya wiki mbili nzima, na siwalaumu. Tangu hapo natunza uhai kwa namba kamili, kama benki inavyotunza senti: mpira wako wa 100 kwangu ungeandikwa 10,000.

Yule rafiki wa pili, wa nguvu, anaweza kuwa sahihi au asiwe. Zipo njia kama nne ambazo watengenezaji huzitumia. Wengine wanahesabu mikwaju tu. Wengine wanatazama aina ya fimbo. Wengine wanatazama nguvu au umbali. Na wengine wanatazama mpira umegonga nini: mti, jiwe, njia ya mikokoteni, mchanga. Halafu kuna wanaochanganya. Mtu wa nje hujua kwa kupima tu.

Mfano mzuri wa jedwali linalojali unatumia kifaa kwa kazi gani uko Minecraft, gemu ya kuchimba na kujenga. Sururu ya chuma ina uhai wa 250, ya almasi 1,561. Sururu ikivunja jiwe inapoteza moja. Ukiitumia kumpigia adui inapoteza mbili. Upanga ni kinyume: adui moja, jiwe mbili. Karani pale anakuadhibu kwa kutumia chombo pasipo pake. Na dhahabu, kinyume cha unavyotegemea, ina uhai wa 32 tu, chini hata ya mbao yenye 59. Mwenye gemu aliamua hivyo, basi.

Gemu hiyo hiyo ina aina nyingine ya karani, anayerusha kete. Kuna uganga unaoweza kukiwekea kifaa, na ukiwa wa daraja la tatu kila tumizi lina nafasi moja tu kati ya nne ya kukipunguzia uhai. Kwa wastani kifaa kinaishi mara nne zaidi. Lakini wastani ni wastani: ukikitumia mara 40 unategemea kipoteze 10, na kupoteza 7 au 13 ni jambo la kawaida kabisa. Kama gemu yako ya gofu ina mipira "imara" au kofia ya bahati inayodai kupunguza uchakavu, inawezekana kuna kete humo ndani, na hapo usikasirike kwa raundi moja mbaya.

Sasa kupima. Chukua daftari, la karatasi. Kanuni ni moja: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Tumia mpira wa kulipia ulio wa bei ya chini kabisa, kwenye raundi ya kweli, maana uwanja wa mazoezi kwa kawaida haugusi daftari la karani. Piga draiva kumi kwa nguvu zote kutoka kwenye tii, mahali pa kuanzia shimo, katika mashimo kumi, na andika uhai kabla ya kila draiva na baada yake, kabla ya mkwaju unaofuata. Raundi nyingine, draiva kumi kwa nusu ya nguvu. Kama zote mbili zimekula karibu 15, rafiki yako wa nguvu amekosea, kinachotazamwa ni fimbo. Kama ya nusu imekula 7 au 8, amepata.

Kwa nini kumi? Kwa sababu ya ile desimali iliyofyekwa. Ukipima mkwaju mmoja, kioo kinaweza kukudanganya karibu pointi nzima. Ukijumlisha kumi, uongo mwingi hufutana, huu juu na ule chini, na kwa kawaida hubaki pointi moja au mbili zilizogawanywa kwa kumi. Mkwaju mmoja unabaki na shaka ya sehemu moja au mbili za kumi tu, na hiyo inakutosha.

Kisha rudia lile jaribio la kwanza neno kwa neno. Matokeo yakitofautiana kwa zaidi ya pointi nne, kuna kete, au kuna kitu hujakigundua, kama mpira kugonga mti bila wewe kuona. Angalia pia kasi ya simu yako. Usicheke. Mwaka 2014 ilitoka gemu ya mapanga, Dark Souls II, na wachezaji wa kompyuta wakalalamika silaha zao zinakufa mara mbili upesi kuliko za wenzao wa mashine za sebuleni. Walikuwa na haki. Karani alikuwa akihesabu mgusano kwa kila picha inayochorwa. Kompyuta zilichora picha 60 kwa sekunde, mashine zile 30. Upanga uliopita kwenye mzoga mmoja ulihesabiwa mara mbili. Kasoro hiyo ilikuja kurekebishwa 2015. Kwa gofu hatari hiyo ni ndogo, kwa kuwa mkwaju ni tukio moja, lakini kwenye gemu inayohesabu migongano ya mpira na ardhi ningelipima.

Hapo utakuwa umelijua jedwali. Nitakuambia jambo ambalo jedwali halitakuambia.

Chukua mashimo yako matatu. Yamekula karibu pointi 8.5. Mashimo 18 yatakula kama 51, yaani mpira mmoja ni raundi mbili kasoro kidogo, boksi lako ni raundi sita hivi. Shilingi 7,500 kwa raundi sita ni 1,250 kwa raundi. Ni hela ya kuisikia, lakini si ya kukupa ugomvi.

Sasa simama kwenye tii ya shimo lenye bwawa mbele, mpira wako una 91. Tuseme katika mikwaju kumi ya hapo mmoja unakuzamia. Ukizama, hawakutoi mbili wala tatu. Unakwenda mpira mzima na 91 zake. Moja ya kumi ya 91 ni 9.1. Kila unapopiga juu ya maji hayo unalipa kama pointi tisa, na shimo zima la kawaida linakugharimu chini ya tatu. Marafiki zako wanabishana kuhusu nusu pointi ya draiva, na mfuko umetoboka bwawani.

Na hili hata kiwanjani ndivyo lilivyo. Miaka niliyobeba mifuko sikumbuki kuona mpira uliokufa kwa uzee. Ilikufa majini, vichakani, na juu ya mapaa ya watu. Sisi watoto tulikuwa tukiingia bwawani jioni, tunapapasa tope kwa nyayo, ukiukanyaga unaujua: duara gumu, dogo, si jiwe. Mwenyewe aliupiga mara mbili tatu akaupoteza. Mingi ilikuwa mipya kabisa, na iliyotuvunja moyo ni ile iliyolala majini muda mrefu, ambayo kwa macho inang'aa lakini ukiipiga inakwenda kama embe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu uchakavu hata kidogo: kwenye mashimo ya maji badilisha, weka mpira wa bure. Gemu nyingi zinakuruhusu kubadilisha ukiwa kwenye tii, kabla ya mkwaju wa kwanza, na hata sheria za gofu ya kweli zinaruhusu kuanza shimo na mpira mwingine, ila mashindano mengine huweka kanuni ya kubaki na aina moja raundi nzima. Utapoteza umbali kidogo. Ukishavuka, shimo linalofuata rudisha wa bei. Pia, usiuweke kando mpira wa 4 ukaenda na wa 91 kwenye shimo la maji. Hapo ndipo ungeutumia! Mpira unaokaribia kuisha ndio wa kuutoa sadaka.

Kama kuna kitu cha kukupa moyo, ni kwamba katika gemu nyingi mpira wenye uhai wa 4 unaruka sawasawa na wa 100. Uchakavu ni taa: inawaka au imezimika. World of Warcraft, gemu ya vita ya mtandaoni, ni hivyo kwa mavazi ya vita. Kwa kawaida ukifa yanapoteza asilimia 10 ya uhai, na yakifika sifuri hayapotei, yanaacha tu kukusaidia mpaka umlipe fundi. Ila wapo wachache wanaoshusha umbali kadiri uhai unavyoshuka, na hilo utaliona kwenye daftari lako ukiandika pia mita za draiva.

Hapa nichepuke kidogo, kwa kuwa historia ya gofu ina kichekesho chake. Kuanzia 1848 watu walianza kupiga mipira iliyofinyangwa kwa utomvu wa miti ya Asia uitwao gataperka. Mpya ilikuwa laini kama yai, na ilikuwa ikiyumba na kuanguka ovyo. Ile iliyokwisha pigwa, yenye makovu na mikwaruzo, ilikwenda mbali na kunyooka. Wachezaji wakaanza kuigonga kwa nyundo kabla ya kucheza, kuizeesha kwa makusudi. Kutoka makovu hayo tukapata vishimo unavyoviona leo. Hataza ya mpira wa vishimo ya William Taylor, Mwingereza, ni ya mwaka 1905. Vishimo vinavuruga tabaka jembamba la hewa lililoshikamana na mpira, hewa inaukumbatia kwa nyuma kidogo zaidi kabla ya kuachia, na ukinzani unashuka kama nusu. Yaani vishimo vya mpira wa gofu wa kisasa vimetokana na mpira uliochakaa. Sijaona gemu hata moja yenye ujasiri wa kuweka hilo.

Turudi kwenye fimbo. Za kweli zinachakaa. Mifereji ya weji inapoteza makali, mpini wa mpira unakuwa mtelezi kama sabuni, na sheria inasema fimbo iliyobadilika kwa matumizi ya kawaida bado ni halali. Katika gemu kwa kawaida haziguswi, na sababu ni ya dukani. Fimbo inauzwa kwa ngazi: unapanda levo, unanunua nzuri zaidi, ile ya zamani unaitupa mwenyewe bila kulazimishwa. Hakuna haja ya kuizeesha. Tena mtu aliyelipa fedha nyingi kwa seti nzima, ukianza kuimomonyoa mbele ya macho yake, anafuta programu. Mpira ni mdogo, ni wa bei ndogo, na kila mtu kichwani mwake anajua mipira huisha. Kwa hiyo mzigo wa kukurudisha dukani umewekwa juu ya kitu ambacho hakitakuuma.

Huo ndio mzigo wenyewe. Gemu ya mtandaoni ya Ultima Online ilipofunguliwa 1997 watu walikuwa wakiua mazimwi na kuokota dhahabu usiku na mchana, dhahabu ikizidi kuingia kuliko inavyotoka, na bei kati ya wachezaji zikapaa. Tangu hapo kila mtengenezaji anajua kwamba ukiwa na bomba la kuingiza lazima uchimbe na mfereji wa kutoa. Kuchakaa, kutengeneza, ada za mashindano, yote ni mifereji. Katika gemu ya bure kwenye simu mfereji huo una kazi ya pili: mwisho wake ni mfukoni mwako.

Je, ni wizi? Kukuuzia kitu kinachoisha si wizi. Hata mshumaa unaisha. Kutokuambia kinaisha kwa kasi gani, hiyo naiita utovu wa adabu, na ni wa kawaida mno katika kazi yetu. Kuna jambo moja tu ambalo ningelikasirikia kwelikweli: kubadilisha jedwali baada ya watu kununua. Umenunua boksi likiwa la raundi sita, linakuja sasisho, linakuwa la raundi nne. Ndiyo maana nakuambia daftari liwe la karatasi, na liwe na tarehe.

La mtandao kukatika nimeliacha mwisho kwa kuwa ndilo unaloweza kudai.

Ukipiga mkwaju, simu haiamui chochote. Inatuma ujumbe kwa seva: fulani amepiga hivi. Karani anafanya mambo mawili, anaandika alama zako na anatoa uhai wa mpira. Mwandishi mwangalifu anayafunga mambo hayo pamoja, yafanyike yote au lisifanyike hata moja. Wengine hawafungi: wanatoa uhai kwanza, wanaandika raundi ikimalizika. Si uzembe peke yake. Wangefanya kinyume, kila aliyeona mpira unaelekea bwawani angezima data, mpira urudi mfukoni. Nimewahi kuona rekodi za wachezaji wenye "mtandao mbovu" ambao ulikuwa unakata kila wakikosea tu, ukipona wakipatia. Kwa hiyo kutoa kwanza ni dawa ya hao, na wewe mwenye bando la kweli linalokata unameza dawa ya mgonjwa mwingine.

Kuna na ubaya wa pili. Kumbuka kutuma pesa kwa simu: unabonyeza, ujumbe haurudi, unabonyeza tena, kumbe ya kwanza ilishakwenda. Hapa ni hivyo hivyo. Simu ilituma mkwaju, seva ikapokea, jibu likapotea njiani, simu ikatuma tena. Kila mkwaju unatakiwa kuwa na namba yake ya pekee ili karani aseme "huu nimeshauandika". Asipopewa namba hiyo, anautoa mara mbili. Kwenye gemu yako dalili itakuwa mkwaju mmoja wa draiva uliokula 3 badala ya 1 au 2, siku mtandao umelegea. Duara la kusubiri likizunguka, usigonge kioo mara tano. Funga programu, subiri dakika, ingia upya, tazama namba.

Kisha waandikie. Usiandike "mnatuibia mipira", hiyo wanaipata mia kwa siku na inajibiwa na roboti. Andika tarehe na saa, taja saa za Afrika Mashariki, maana rekodi zao huenda ziko kwa saa za kwingine. Andika jina la uwanja na namba ya shimo, aina ya mpira, uhai kabla na uhai baada, na kwamba raundi haikuhifadhiwa. Ambatisha picha mbili za kioo. Mtu wa huduma akiwa na saa na shimo anaweza kuukuta mstari wako katika rekodi kwa dakika chache, na kurudisha mpira ni kubonyeza tu, hakumgharimu kitu. Boksi lako lina mipira mingine miwili. Kabla ya kuanza kila raundi piga picha ya kioo kinachoonyesha uhai wake, hata siku mtandao ukiwa mzuri.